Sayyid Said wa Muscat na safari ndefu ya karafuu

Anayeingia soko la Matrah, pembezoni mwa bandari kongwe ya Muscat, hakawii kukutana na harufu ya karafuu. Zimewekwa kwenye magunia, jirani na ubani, hiliki na ndimu kavu, na si ajabu muuzaji na mnunuzi wakapatana bei kwa Kiswahili. Karafuu hazioti Muscat wala popote karibu na Muscat. Milima ya mawe inayouzunguka mji huo haina udongo wala mvua ya kuulea mkarafuu.

Hata hivyo, mtawala aliyelifanya zao hilo kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Zanzibar alitoka Muscat.

Sayyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Al Busaid, alitawala kwa nusu karne, kuanzia mwaka 1806 hadi alipofariki dunia baharini mwaka 1856. Vitabu vya historia humtaja zaidi kwa merikebu zake za vita, kwa mikataba aliyotia saini na mataifa makubwa, na kwa uamuzi wake wa kuhamishia makao yake Unguja. Lakini kazi yake iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya shambani. Alianzisha, na kwa sehemu kubwa akaisimamia mwenyewe, biashara ya zao la chakula iliyoanzia kwenye vitalu vya miche Mtoni na Kizimbani na kuishia majikoni kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Unguja.

Makampuni yanayonunua vyakula ng'ambo huulizwa siku hizi maswali ambayo katika zama za Sayyid Said hayakuwa na jina: ardhi inatunzwaje, anayevuna anapata nini, na je, zao lenyewe litakuwepo baada ya miaka 50? Maisha ya mtawala huyu yanayajibu baadhi ya maswali hayo, ingawa majibu yenyewe hayampendezi kila mtu.

Mji usio na shamba

Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, bonde la mitende lililoko bara ya Oman, kwenye njia itokayo Muscat kuelekea milimani. Kilimo cha huko hutegemea falaj, yaani mifereji ya kale inayochukua maji chini ya ardhi na kuyafikisha mashambani kwa mteremko tu, bila ya kuvutwa na mnyama wala mashine. Maji hayo hugawanywa kwa muda. Kila mwenye haki ana zamu yake, usiku au mchana, na zamu ikimpita imempita. Mifereji hiyo imeishi karne nyingi kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuchukua zaidi ya fungu lake. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliiingiza mitano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia.

Muscat yenyewe ilikuwa na hali nyingine kabisa. Ngome mbili walizoacha Wareno, Jalali na Mirani, zinalinda mlango wa bandari, na nyuma ya nyumba yanaanza majabali. Mji huo ulilishwa na bahari. Mchele ulitoka India, buni ilitoka Yemen, tende ziliteremshwa kutoka Batinah na mabonde ya bara, na samaki walivuliwa pwani na kukaushwa kwa chumvi. Utajiri wa Muscat ulikuwa ni kukaa katikati ya wengine, kupokea bidhaa ya huyu na kuifikisha kwa yule, na kutoza ushuru njiani. Merikebu zisipotia nanga, mji hauli.

Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804 alipokuwa akirejea kutoka Basra. Said alikuwa na umri wa miaka 13. Madaraka yakaangukia mikononi mwa binamu yake, Badr bin Saif, aliyejiegemeza kwa Mawahabi wa Najd ili abaki kwenye kiti. Mwaka 1806 Said alimuua Badr, na kijana huyo wa miaka 15 akawa mtawala. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba nyuma yake alisimama shangazi yake, Moza bint Ahmad, mwanamke ambaye wazee wa ukoo walimsikiliza na ambaye anasimuliwa kuwa aliwahi kuongoza ulinzi wa mji ulipozingirwa. Cheo cha Imam Said hakukichukua, ingawa Wazungu waliendelea kumwita hivyo. Alitosheka na Sayyid.

Miaka 20 ya mwanzo ya utawala wake ilikwenda zaidi katika vita. Alipambana na Mawahabi waliotoka bara, akapambana na Qawasim waliotamba katika Ghuba, na mwaka 1820 akajeruhiwa alipokwenda pamoja na Waingereza kuwapiga Bani Bu Ali. Wakati huohuo biashara ya buni ya Yemen, ambayo wafanyabiashara wa Muscat waliishika barabara katika karne ya 18, ilikuwa imefifia baada ya mibuni kupandwa Java na Amerika. Mji unaoishi kwa kubeba mazao ya watu wengine ulikuwa umeonja ladha ya kuachwa njiani.

Mche uliovuka bahari

Mkarafuu asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Waholanzi walipovitawala katika karne ya 17 walilikusanya zao lote katika kisiwa cha Ambon na visiwa vya jirani yake, kisha wakapeleka watu kwingineko kuikata mikarafuu iliyobaki. Shabaha ilikuwa moja, nayo ni kuhakikisha karafuu zinabaki chache ili bei ibaki juu. Aliyekutwa akitorosha mbegu aliadhibiwa vikali.

Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche kwa siri, nayo ikapandwa Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu uliingia Unguja katika miaka ya 1810, na anayetajwa kuwa aliuleta ni Mwarabu wa Oman aliyeitwa Saleh bin Haramil Al Abri, ambaye alikuwa na uhusiano wa karibu na Wafaransa. Aliupanda Mtoni na Kizimbani. Kwa hiyo Sayyid Said siye aliyeuleta mkarafuu Zanzibar, kama masimulizi ya mitaani yanavyodai mara nyingi.

Alichokifanya yeye ni kikubwa zaidi, na pia ni cha ukatili zaidi.

Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mapema mwaka 1828, akiwa njiani katika vita vyake na Mazrui wa Mombasa, vita ambavyo havikwisha hadi mwaka 1837. Ni rahisi kufikiria alichokiona mtu aliyezaliwa Samail. Huko kwao kila tone lilikuwa na mwenyewe. Hapa ilinyesha masika na ikanyesha vuli, na udongo wa upande wa magharibi wa kisiwa ulikuwa mzito na wenye kina. Mikarafuu ya Saleh ilikuwa imekwishaanza kuzaa. Haukupita muda mrefu mashamba ya Saleh yakachukuliwa na mtawala. Sababu iliyotolewa ni kwamba Saleh aliendelea kuwauzia Wafaransa watumwa kinyume cha mkataba ambao Said alitia saini na Waingereza mwaka 1822. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Saleh alikuwa amekuwa mkubwa mno, na kwamba mashamba yake yalikuwa mazuri mno.

Baada ya hapo upanzi ulikwenda kwa amri. Inasimuliwa kwamba kila mwenye shamba alitakiwa apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi uliokuwa katika ardhi yake, na aliyekaidi alikuwa katika hatari ya kunyang'anywa shamba. Said mwenyewe alitangulia mbele ya raia zake. Alipofariki inahesabiwa kwamba alikuwa na mashamba 45.

Ikumbukwe kwamba mkarafuu si mti wa mtu mwenye haraka. Mbegu yake haihifadhiki, hupandwa ingali mbichi. Mche huhitaji kivuli, na jua kali la miezi ya kiangazi huuangamiza. Mwenye shamba husubiri miaka saba au minane kabla ya kuona zao la maana. Vichipukizi vya maua huchumwa kwa mkono kabla havijafunguka, shada kwa shada, mchumaji akiwa juu ya mti. Kisha hutenganishwa na makonyo, huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa, hugeuzwageuzwa na hukimbizwa ndani mvua inapotishia. Zikishakauka, uzito unaobaki ni kama theluthi moja tu ya ule wa mwanzo. Lakini mti ukishashika, mtu anaweza kuuvuna, na mwanawe akauvuna, na mjukuu wake pia.

Said alipanda mti ambao ungeishi kuliko yeye. Waholanzi walikuwa wameilinda bei kwa kukata mikarafuu; yeye aliivunja bei hiyo kwa kuipanda.

Fedha za Kutch, nguo za Marekani

Mkarafuu bila soko ni kuni tu. Katika jambo hili akili ya Muscat ilionekana wazi, kwani Said alijua kuuza kabla hajajua kulima.

Forodha ya Zanzibar aliikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch ambaye ukoo wake ulikuwa na maduka Muscat pia. Jairam alimlipa mtawala kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha yeye ndiye akakusanya ushuru. Nyumba za biashara za Wahindi ndizo zilizowakopesha wenye mashamba wakati wakiisubiri miti yao izae, na ndizo zilizozipeleka karafuu Bombay, ambako zilisambazwa India nzima na kwingineko.

Wanunuzi wengine walitoka mbali zaidi. Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifika Muscat na kutia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, uliowapa wafanyabiashara wa nchi hiyo haki ya kununua na kuuza katika himaya yake kwa ushuru wa asilimia tano. Uingereza ilifuata mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta kitambaa cheupe cha pamba ambacho hadi leo Waswahili hukiita merikani, na zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Mwaka 1840 Said aliamua kutosubiri wanunuzi waje. Aliituma merikebu yake, Sultana, hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman Al Kaabi. Sultana ilikuwa imeanza safari Muscat, ikapitia Zanzibar, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo ikatia nanga katika bandari ambayo haikuwahi kupokea mjumbe wa Kiarabu. Shehena yake ilikuwa kama ramani ya himaya yenyewe: tende za Oman, buni ya Yemen, mazulia ya Uajemi, pembe na sandarusi za bara la Afrika, na magunia ya karafuu za Unguja.

Wageni waliokutana na Sayyid Said walimwelezea kuwa mtu wa mavazi ya kawaida na maneno ya taratibu, aliyekaa barazani kusikiliza kesi za wakubwa na wadogo, na ambaye hakuona haya kujihesabu miongoni mwa wafanyabiashara. Kasri lake la Mtoni lilikuwa nje ya mji, ufukweni. Bintiye Salme, aliyezaliwa huko mwaka 1844 na ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alikielezea kwa urefu kijiji hicho cha familia katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1886. Baba alipofariki, watoto wake waliokuwa hai walikuwa 36.

Waliochuma

Wachumaji wenyewe hawakuandika kumbukumbu.

Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, wakauzwa katika soko la Unguja na kupelekwa mashambani kufyeka msitu, kuchimba mashimo, kupalilia miche na hatimaye kuchuma. Kwa desturi iliyoenea, mtumwa wa shamba alipewa kipande cha ardhi na siku mbili katika juma, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, ajilimie muhogo wake. Ndiyo kusema kwamba hata chakula cha wachumaji hakikuwa gharama ya mwenye shamba. Kilitokana na jasho lao wenyewe, katika siku ambazo zingekuwa za mapumziko.

Kuna jambo katika historia hii ambalo si rahisi kulitazama. Mikataba ya Waingereza ya kuzuia biashara ya watumwa, kwa miaka mingi, iliipa kilimo cha karafuu nguvu. Mkataba wa mwaka 1822 ulikataza watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo, na hivyo soko la visiwa vya Wafaransa likafungwa. Mkataba wa mwaka 1845, uliojadiliwa na balozi Atkins Hamerton na kuanza kutumika mwaka 1847, ulikataza kuwasafirisha kutoka Afrika Mashariki kwenda Uarabuni, ikiwemo Oman. Biashara ndani ya himaya ya Afrika iliachwa. Mfanyabiashara ambaye zamani aliwauza watu ng'ambo sasa aliwauza Unguja na Pemba, na kazi yao ndiyo ikapelekwa ng'ambo, ikiwa ndani ya gunia la karafuu. Mwanahistoria wa Zanzibar Abdul Sheriff ameifafanua hoja hii kwa kina katika kazi zake.

Said alitia saini mikataba yote miwili, akijua kwamba ingemgharimu fedha na kwamba watu wa Oman hawangeifurahia. Alihitaji urafiki wa Uingereza ili Muscat isimezwe na majirani. Lakini hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuitafutia mikarafuu yake mikono mingine. Mashamba yale hayakuweza kujiendesha. Vifo vilikuwa vingi, vizazi vilikuwa vichache, na kila mwaka ilibidi watu wapya waletwe kutoka bara ili idadi isipungue. Mti uliotegemewa kuishi vizazi vitatu ulitunzwa kwa utaratibu ambao haukuweza kuishi hata mwaka mmoja bila ya vijiji vya mbali kuvamiwa.

Neema iliyozidi

Kufikia miaka ya 1840 miti iliyopandwa kwa pupa muongo mmoja kabla ilizaa yote kwa pamoja, na bei ikaporomoka. Hiki ndicho kitanzi cha zao linalochelewa. Aliyepanda kwa sababu bei ilikuwa nzuri alivuna wakati kila jirani yake naye akivuna. Kuikata miti hakuna aliyekuwa tayari, kwani ilikwishagharimu miaka minane ya subira na deni. Zilichumwa karafuu nyingi zaidi ili kufidia bei ndogo, na bei ikazidi kushuka.

Said alijaribu njia nyingine. Alipanda miwa, akaleta mitambo na mafundi wa kutengeneza sukari, lakini sukari ya Zanzibar haikufua dafu mbele ya ile ya Mauritius. Karafuu ikabaki peke yake.

Pemba ndiko gharama yake ilikoonekana zaidi. Kisiwa hicho kilijulikana kwa mpunga, na kwa muda mrefu kilikuwa ghala la chakula la Mombasa. Mabonde yake yaliendelea kulimwa, lakini vilima vilivalishwa mikarafuu, na nguvu za watu zikaelekezwa huko. Unguja nako wenyeji wengi waliachia ardhi nzuri ya magharibi, wakasogea mashariki na kusini kwenye udongo wa maweni, ambako jembe hugonga jiwe na mtu hupanda mtama na muhogo katika nafasi zilizo kati ya mawe. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele, ndivyo mchele kutoka India ulivyozidi kushushwa Forodhani. Visiwa vilivyokuwa na chakula chake vikaanza kufanana na Muscat: vikatazama baharini kujua kama kesho vitakula.

Muscat yenyewe ilizidi kuwa upande wa pili wa himaya. Wanahistoria wengine huutaja mwaka 1832 kuwa ndio mwaka makao yalipohamia Zanzibar, na wengine huutaja mwaka 1840. Ukweli ni kwamba Said alikwenda na kurudi kwa misimu, akija na kaskazi na kuondoka na kusi, hadi siku moja ikawa dhahiri kwamba kwake ni Unguja. Mwanawe Thuwaini aliachwa kuiangalia Oman. Wafanyabiashara wengi wa Muscat na Sur nao walikwisha kusoma upepo, wakahamishia mitaji yao, na mara nyingi na wake zao, pwani ya Afrika.

Safari ya mwisho

Mwaka 1854 Sayyid Said alirudi Muscat. Waajemi walikuwa wamemnyang'anya Bandar Abbas, bandari aliyoikodi kwao upande wa pili wa Ghuba, na mwaka huohuo Khalid, mwanawe aliyemwachia Zanzibar, alifariki dunia. Mazungumzo na Waajemi yalikwisha mwaka 1856 kwa mkataba mpya wenye masharti magumu kuliko ya zamani. Mtawala huyo, sasa mwenye umri wa miaka 65 na mwenye jeraha la mguu lililokuwa likimsumbua, alipanda merikebu yake Victoria mwezi Septemba. Inasimuliwa katika familia kwamba aliamuru mbao zipakiwe, na kwamba atakayefariki njiani asitoswe baharini.

Alifariki dunia tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye ndani ya merikebu, aliufikisha mwili Unguja, na akazikwa Makusurani.

Warithi hawakuelewana. Thuwaini alikuwa na Oman, Majid alikuwa na Zanzibar, na kila mmoja alijua kwamba fedha ziko upande wa karafuu. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, aliamua kwamba himaya igawanywe, na kwamba Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Malipo hayo yalikuwa ni kukiri, kwa tarakimu, kwamba mji wa asili wa ukoo wa Al Busaid haungeweza kusimama bila ya mashamba yaliyopandwa upande wa pili wa bahari.

Barghash alishika utawala wa Zanzibar mwaka 1870. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu bandarini na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu aliyopanda baba yake na raia zake. Mwaka uliofuata, chini ya shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa, na soko la Unguja likafungwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897.

Pemba iliponea chupuchupu katika kimbunga kile. Tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko, huku Indonesia, ulikotoka mche wa kwanza, ikiwa imerudi kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Fungu la Muscat halikuendelea kutoka Zanzibar. Kuanzia mwaka 1873 serikali ya Uingereza huko India ndiyo iliyolibeba. Karafuu zenyewe ziliendelea kupelekwa Matrah kwa majahazi ya kusi.